Maabara ya mitandao chumbani: Mwongozo kwa watahiniwa wa CCNA mitaani Eastlands

Na MWANDISHI WETU

CHETI cha CCNA, kinachotolewa na kampuni ya Cisco ya Marekani, ni miongoni mwa vile vinavyotajwa sana katika matangazo ya kazi za mitandao ya tarakilishi humu nchini. Kufikia mwaka wa 2025 ada ya mtihani wake ilikuwa dola 300. Kwa kima cha Sh129 kwa dola, hizo ni Sh38,700. Mnamo Januari 2024, shilingi ilipodorora hadi Sh160 kwa dola, mtahiniwa yuyo huyo alihitaji Sh48,000. Anayeanguka harudishiwi hata senti moja. Hutakiwa kusubiri siku tano, kisha hulipa upya.

Kwa kijana anayepanga chumba Kayole, Umoja au Dandora, fedha hizo ni kodi ya miezi kadhaa. Hawezi kuingia katika chumba cha mtihani kwa kubahatisha. Mtihani nao haumuulizi tu maana ya maneno. Humpa mtambo wa kuigiza na kumwagiza aupange hadi ufanye kazi, huku dakika zikiyoyoma. Aliyesoma vitabu pekee hutambulika hapo upesi, jinsi anavyotambulika dereva aliyejifunza kuendesha gari kwa kutazama picha.

Dawa ya upungufu huo ni maabara ya nyumbani: mitambo michache halisi, au programu zinazoigiza mitambo hiyo, ambayo mwanafunzi anaweza kuiunganisha, kuivuruga na kuirekebisha apendavyo bila kumkatizia mtu intaneti. Wataalamu wa istilahi wamependekeza maneno kadhaa ya kutaja mitambo hiyo, ila fundi wa Donholm akiombwa ruta au swichi huelewa papo hapo. Makala haya yatafuata ulimi wa fundi.

Tulikotoka

CCNA ilianzishwa mwaka wa 1998, mwaka mmoja baada ya Cisco kuanzisha mpango wake wa mafunzo uitwao Networking Academy, ambao baadaye ulipokelewa na vyuo vya humu nchini, kikiwemo Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) na Strathmore. Enzi hizo Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na ulimwengu. Kabla ya kituo cha KIXP kufunguliwa jijini Nairobi mnamo Novemba 2000, barua pepe kutoka Buruburu kwenda Donholm, iwapo wahusika walihudumiwa na kampuni tofauti, iliweza kuvuka bahari na kurudi ndipo imfikie mtu aliye mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kituo hicho nacho kilifungwa mwezi uliofuata kwa amri ya serikali, kikafunguliwa tena mwaka wa 2002.

Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, TEAMS na SEACOM, mambo yaligeuka. Leo hii kampuni kubwa na wafanyabiashara wadogo wa mtaani hung'ang'ania wateja wa ghorofa zile zile. Anayetembea Pipeline au Tassia akiinua macho ataona kebo zimepita kutoka paa hadi paa. Kila kebo hiyo inahitaji mtu wa kuipanga, na hapo ndipo penye kazi kwa mwenye ujuzi, awe na cheti cha Cisco au cha kampuni ya MikroTik ya Latvia, ambayo ruta zake hupendwa na watoaji huduma wadogo kwa kuwa bei yake ni nafuu.

Anza na tarakilishi uliyo nayo

Kosa la kwanza la wanafunzi wengi ni kukimbilia kununua vyuma. Yafaa kuanza na Packet Tracer, programu ya Cisco yenyewe, ambayo hutolewa bila malipo kwa anayejisajili katika Networking Academy. Hutosheka na tarakilishi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, na sehemu kubwa ya silabasi ya CCNA yaweza kufanyiwa mazoezi humo. Kwa asiye na akiba yoyote, hii pekee ni maabara kamili, wala asimwonee haya mwenye rafu ya mitambo.

Udhaifu wake ni kuwa huigiza tu. Amri ambazo waundaji wake hawakuzitia hazipo, na hitilafu zake ni hitilafu za kistaarabu. GNS3 na EVE-NG huenda mbali zaidi kwa sababu huendesha programu halisi za ruta ndani ya tarakilishi, ila hudai kumbukumbu ya gigabaiti 8 au 16, na mtumiaji hutakiwa kujitafutia programu hizo. Hapo pana jambo ambalo mabaraza ya vijana hulipitia kimya: IOS, programu inayoendesha mitambo ya Cisco, ni mali yenye leseni, na kuinakili kutoka kwa rafiki si halali. Tangu mwishoni mwa 2024 kumekuwa na njia ya wazi, kwani Cisco ilianza kutoa bila malipo toleo dogo la programu yake ya Modeling Labs linaloruhusu mitambo mitano kwa pamoja. Mitano yatosha kwa mazoezi mengi ya CCNA. Anayelenga MikroTik ana bahati zaidi: RouterOS ya kuendeshwa ndani ya tarakilishi hupatikana bure, ikiwa tu imepunguzwa kasi hadi megabiti moja kwa sekunde, kasi ambayo haimzuii mtu kujifunza.

Mitambo ya mtumba

Kuna mambo ambayo programu haifundishi. Haifundishi kufuma ncha ya kebo, kusoma taa za swichi, wala kutambua kwa kugusa kwamba feni imekufa. Kwa hayo, ruta mbili au tatu za mtumba na swichi mbili zinatosha. Ruta za Cisco 1841 na swichi za 2960 ni za zamani na ofisi nyingi zimeshaziondoa, lakini zinaelewa karibu kila amri ambayo mtahiniwa wa CCNA atatakiwa kuandika.

Anayenunua, iwe ni Luthuli Avenue au kwa mtu binafsi, asilipe kabla ya kuuona mtambo ukiwaka hadi mwisho. Aende na kipakatalishi chake, kebo ya konsoli na kigeuzi cha USB, kwani kipakatalishi cha kisasa hakina poti ya kuichomeka kebo hiyo. Kasi ya konsoli ni 9600. Mtambo ukishaamka, amri ya "show version" itamwonyesha kiasi cha kumbukumbu, jina la IOS iliyomo na muda uliopita tangu uwashwe. Katika jina hilo atafute herufi k9. Zisipokuwepo, mtambo hauna usimbaji, na hivyo hautakubali SSH, njia salama ya kuupanga ukiwa mbali, ambayo ni sehemu ya silabasi. Achunguze pia lebo ya umeme. Mitambo mingi ya Cisco hukubali volti 100 hadi 240, lakini vifaa vidogo vilivyotoka Marekani na adapta zake vinaweza kuwa vya volti 120 pekee. Ukikichomeka kifaa cha aina hiyo kwenye soketi ya Nairobi, utasikia harufu kabla ya kuona taa.

Muuzaji akisisitiza kwamba huwezi kusoma CCNA bila kebo za serial na kadi zake, mshukuru na uendelee na safari. Frame Relay, teknolojia iliyozihitaji, iliondolewa katika mtihani mwaka wa 2016. Mtihani wa 200-301, ulioanza Februari 2020 na kurekebishwa Agosti 2024, uliacha pia RIP na EIGRP, ukabakisha OSPF. Vitabu vya mtumba vyenye mambo hayo ya kale vimejaa, na kijana asiyejua huweza kupoteza miezi miwili akisomea mtihani uliokwisha kufa.

Mara nyingi mtambo wa mtumba huja na nywila ya ofisi iliyoutumia. Hilo lisimtie mnunuzi hofu, bali lilichukue nafasi ya somo la kwanza. Kwa ruta, huzimwa na kuwashwa, kisha kitufe cha Break hubonyezwa katika sekunde 60 za kwanza. Mtambo ukisimama katika hali yake ya chini, rejista hubadilishwa kuwa 0x2142, na ukiwashwa upya hupuuza mpango wa zamani pamoja na nywila zake. Baada ya hapo rejista hurudishwa kuwa 0x2102, la sivyo ruta itaendelea kusahau kila kitu inapozimwa. Mpango wa ofisi ya watu utakaokutwa humo ufutwe, usinakiliwe: huenda una anwani na nywila ambazo bado zinatumika mahali.

Umeme, joto na jirani

Chumba kimoja cha kupanga si chumba cha mitambo. Ruta tatu za 1841 hazizidi wati 50 kila moja, na swichi mbili za 2960 zenye poti 24 hazizidi wati 30 kila moja. Jumla ni wati 210 kwa kiwango cha juu kabisa. Zikiwashwa kwa saa tatu kila usiku, zitatumia karibu uniti 19 kwa mwezi. Tuseme uniti moja ni Sh25; hizo ni Sh475 au pungufu. Msomaji aweke bei iliyo kwenye risiti yake ya tokeni na kupiga hesabu yake. Katika nyumba ambazo umeme hulipwa pamoja na kodi, ni uungwana, na pia ni usalama, kumwarifu mwenye nyumba mapema kuliko kumwacha agundue kupitia bili.

Feni za ruta hizi huvuma. Mchana hazisikiki kwa kelele za matatu, lakini saa tano usiku, ukuta ukiwa mwembamba, jirani atauliza unasaga nini. Vumbi nalo huziba matundu ya hewa. Mtambo uwekwe juu ya meza, mbali na jiko, na kamwe usifunikwe kwa kitambaa ukiwa umewashwa, hata kitambaa kiwe cha urembo kiasi gani. Usichomeke mitambo mitano, pasi na jiko la umeme kwenye kebo moja ya nyongeza. Umeme ukipotea ghafla katikati ya zoezi, kila ulichoandika bila kuhifadhi kwa amri ya "copy running-config startup-config" hupotea nao. Wakazi wa Eastlands hujifunza amri hiyo haraka.

Zoezi la ghorofa

Maabara bila kazi maalumu hugeuka pambo. Njia bora ni kuigiza mtandao ambao mwanafunzi anaufahamu, na hakuna unaofahamika kuliko wa ghorofa anayoishi.

Tuchukue ghorofa ya orofa nne. Kila orofa inapaswa kuwa na mtandao wake, lakini zote zitumie laini moja ya intaneti. Mwanafunzi amepewa anwani 192.168.10.0/24. Akiigawa kwa /26 atapata mitandao minne inayoanzia 0, 64, 128 na 192, kila mmoja ukiwa na anwani 64. Katika kila mtandao, anwani ya kwanza hutaja mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kuitangazia mitambo yote, basi zinabaki 62. Moja huchukuliwa na ruta, na wapangaji wanabakiwa na 61. Hesabu hii aifanye kwa kichwa hadi imkae, kwa sababu mtihani hauruhusu kikokotoo.

Kisha agawe swichi katika VLAN 10, 20, 30 na 40, moja kwa kila orofa, na kupitisha zote kwenye kebo moja hadi kwa ruta, ambayo poti yake moja itagawanywa katika poti ndogo nne. Ruta itoe anwani kwa DHCP, ibadilishe anwani za ndani kwa NAT ili zitoke kwa anwani moja, na iwe na orodha ya kuzuia orofa moja kuchungulia vifaa vya nyingine. Anayekamilisha haya bila kutazama daftari amegusa sehemu kubwa ya silabasi.

Utamu wenyewe huanza anapoleta matatizo ya mtaani. La kwanza linajulikana na kila fundi. Mpangaji hununua kifaa chake cha Wi-Fi, kisha kebo inayotoka kwenye ujia anaichomeka katika poti ya LAN badala ya ile iliyoandikwa Internet. Kifaa hicho huanza kuwagawia majirani anwani za 192.168.0 au 192.168.1. Baadhi yao hukosa intaneti, wengine wanaendelea vizuri kwa kuwa muda wa anwani zao za awali haujaisha. Fundi huzima na kuwasha kila kitu, hali inakuwa mbaya zaidi, na lawama humwendea mtoaji huduma. Tiba iko katika silabasi na inaitwa DHCP snooping: swichi huambiwa ni poti ipi pekee inayoaminika kugawa anwani, na matoleo kutoka poti nyingine hutupwa.

Anayefanya zoezi hili kwa swichi ya 2960 na ruta ya Cisco atakumbana na jambo la kushangaza. Akiwasha kinga hiyo, hata wapangaji halali wanaweza kukosa anwani. Sababu ni kwamba swichi huongeza taarifa yake katika ombi la mteja, na ruta, ikiliona ombi lenye taarifa hiyo lakini lisiloonyesha limepitia wapi, hulikataa. Amri ya "no ip dhcp snooping information option" kwenye swichi humaliza ubishi. Saa mbili za kuhangaika na jambo kama hili hufunza kuliko sura nzima ya kitabu.

Tatizo la pili ni kebo iliyochomekwa ncha zote mbili katika swichi ya bei nafuu. Ujumbe wa matangazo huzunguka bila kukoma na ghorofa nzima hunyamaza. Katika maabara, swichi mbili za 2960 ziunganishwe kwa kebo mbili. Baada ya muda mfupi taa ya poti moja itabaki rangi ya chungwa badala ya kijani. Hiyo ni STP ikiziba njia ya pili ili kuzuia mzunguko. Ichomoe kebo inayofanya kazi, kisha uhesabu sekunde hadi ile nyingine ichukue nafasi yake.

Kwa OSPF, ruta tatu ziunganishwe pembetatu. Ruta ya 1841 ina poti mbili tu, basi mitandao ya wateja iigizwe kwa poti za kubuni ziitwazo loopback. Kebo ikichomolewa, ruta hujua mara moja na kubadili njia. Lakini kati ya ruta mbili kukiwa na swichi, na kebo iliyochomolewa ikiwa ya upande wa pili, ruta ya upande huu huendelea kuamini kwamba mwenzake yu hai hadi sekunde 40 zipite bila salamu. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mteja alalamike kwamba simu yake ya mtandaoni ilikatika ilhali "kila taa ilikuwa kijani".

Kebo zenyewe mwanafunzi azifume kwa mkono wake. Mpangilio wa T568B ni mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Achague nyaya za shaba tupu. Zile za alumini iliyopakwa shaba ni nafuu na hukatika upesi zikipindwa. Zaidi ya mita 100 asivute, hata kama jirani ameahidi kulipa mara mbili.

Kusoma kwa ushirika

Si lazima kila mtu amiliki mitambo yake. Wanafunzi wanne wakichanga, gharama hupungua na faida huongezeka, kwa sababu mmoja anaweza kuharibu mtandao kimakusudi huku wengine wakiwa nje, kisha wakaitwa kutafuta kosa. Abadilishe namba ya VLAN katika poti moja, au atie alama isiyofaa katika anwani ya ruta. Kutafuta kosa la mwenzako ni kugumu kuliko kutafuta lako. Kabla ya kuchanga fedha, waandikiane nani atahifadhi mitambo na itagawanywaje mmoja akihama. Urafiki wa mtaani umewahi kuvunjika kwa vitu vidogo kuliko ruta.

Njia ya mkato inayouzwa

Kuna wanaouza maswali yanayodaiwa kuwa ya mtihani wenyewe, yakiwa na majibu tayari. Kuyatumia ni kuvunja mkataba ambao kila mtahiniwa huukubali, na Cisco ina mamlaka ya kufuta matokeo na kumfungia mhusika. Aidha, mwajiri anaweza kuthibitisha cheti mtandaoni, na wengi humkalisha mwombaji kazi mbele ya ruta na kumwambia aipange. Cheti chenyewe hudumu miaka mitatu tu kabla ya kuhitaji kuhuishwa, kwa hivyo aliyepita kwa kukariri atarudi mlango ule ule.

Maabara ikishamaliza kazi

Baada ya kufaulu, mitambo huweza kuuzwa kwa mwanafunzi mwingine. Kabla ya kuitoa, mpango wake ufutwe kwa "write erase", na kwa swichi faili ya vlan.dat ifutwe pia, kwani VLAN hubaki humo hata baada ya mpango mwingine wote kufutika. Mtambo uliokufa usitupwe pamoja na taka zinazoishia jaa la Dandora, ambalo lilianza kutumika mwaka wa 1975 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001. Bodi za vifaa vya elektroniki huwa na risasi, na wanaochakura jaani huziokota kwa mikono mitupu. Kituo cha WEEE Centre kilichoko Utawala, kilichotokana na shirika la Computers for Schools Kenya, hupokea vifaa vya aina hiyo na kuvibomoa kwa utaratibu. Kebo za umeme na za konsoli zisipelekwe huko zikiwa nzima: mnunuzi wa ruta inayofuata atazihitaji.